Droo Zinazokwama Masika: Kuangalia Mbao Kabla ya Kushika Randa

Mvua zinapoanza Tabora, kwa kawaida mwezi wa Novemba, mbao zilizomo ndani ya nyumba huanza kuvuta unyevu muda mrefu kabla mwenye nyumba hajaona dalili yoyote. Kufikia Januari milango inasugua vizingiti, madirisha ya mbao hayafungi vizuri, na droo za makabati ya zamani, hasa zile zilizotengenezwa bila reli za chuma, zinaanza kugoma. Huo ndio wakati ambao fundi huitwa aje na randa yake, na kwa maoni yangu huo ndio wakati ambao samani nyingi nzuri za mninga katika mji huu zimeharibiwa. Droo hupigwa randa mpaka iteleze, familia inafurahi, na Septemba inapofika, hewa ikiwa imekauka na joto limepanda, droo ileile inapwaya, inalala upande mmoja na kukwama tena kwa sababu nyingine kabisa.

Ninaamini kwamba droo inayokwama inahitaji kuchunguzwa kabla ya kukatwa, na kwamba uchunguzi huo hauhitaji vifaa vya gharama wala elimu ya chuo. Unahitaji chaki, futi, penseli, na subira ya kukubali kwamba mbao zina majira yao.

Nyumba ninayoishi ni ya zamani, ya matofali na paa la bati, na samani zake ziliachwa na babu yangu mzaa mama aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na watu wa kazi ile walihamishwa mara kwa mara kutoka kituo hadi kituo wakiwa na vitanda, meza na makabati yao ndani ya behewa. Kabati kubwa la nguo lililopo chumbani kwangu limeishi Kigoma na Tabora kwa zamu. Bibi alikuwa akisema kwamba droo zake zilikuwa nzito Kigoma na nyepesi Tabora, na sioni sababu ya kushangaa. Kigoma ipo kando ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo uso wa maji upo mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya ufukweni hubeba unyevu mwingi. Tabora ipo kwenye nyanda za mita 1200 hivi, na kiangazi chake ni kikavu kiasi cha kupasua midomo. Kabati lilikuwa lilelile, na mti ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni hewa.

Ubao hauachi kuvuta na kutoa unyevu kwa sababu umekatwa na kupigwa vanishi. Hewa ya ndani ikiwa na unyevunyevu wa asilimia 50, mbao zilizoachwa humo muda wa kutosha hutulia zikiwa na maji ya takribani asilimia 9 ya uzito wao mkavu. Hewa hiyo ikipanda hadi asilimia 80 na kubaki huko, mbao nazo hupanda hadi asilimia 16 hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayouongeza ubao na kuupunguza. Jambo la kushika hapa ni kwamba ubao hauongezeki sawasawa pande zote. Kufuata urefu wa nyuzi zake haurefuki kwa kiasi cha kukusumbua, lakini katika upana wake, yaani kukatiza nyuzi, unaongezeka kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Mafundi hukisia kwamba ubao wa kawaida, ule uliopasuliwa kwa mtindo unaopasuliwa mbao nyingi za sokoni, hubadilika kwa takribani asilimia 1 ya upana wake kila unyevu wake unapobadilika kwa asilimia 4. Kwa hesabu hiyo, ubao wa sentimita 20 unaotoka asilimia 9 hadi 16 unaweza kuongezeka kwa milimita 3 na ushee. Mninga hucheza chini ya hapo sana, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizowafanya maseremala wa zamani kuupenda. Lakini hata mninga hucheza, na droo nyingi zenye uso wa mninga zina mbao za pembeni na za nyuma za mti mwingine wa bei nafuu.

Sasa itazame droo yenyewe. Mbao zake za pembeni zimelala, nyuzi zikienda kutoka mbele kwenda nyuma, na uso wake una nyuzi zinazokwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Maana yake ni kwamba masika yanapoingia, droo inaongezeka kimo. Haiongezeki upana wa kushoto na kulia kwa kiasi cha kuhesabu, wala haizidi urefu wa kuingia ndani. Kwa hiyo droo inayokwama kwa sababu ya unyevu peke yake hubana juu na chini. Ikiwa inabana kushoto au kulia, tatizo liko kwingine, na kuipunguza pembeni ni kuiadhibu droo kwa kosa la kabati.

Maneno haya niliyasikia kwanza kwa fundi mmoja mzee wa upande wa Ng'ambo, niliyekwenda kumwita mwaka ambao droo za kabati la babu zilikuwa hazifunguki kabisa. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na kabla hajauliza bei wala mahali nyumba ilipo akauliza, "Zinabana juu au ubavuni?" Alipofika hakufungua mfuko wa vifaa. Alipiga magoti, akatazama mstari wa nafasi kati ya kila droo na fremu, kisha akaniita nitazame naye: nafasi ilikuwa pana kwenye kona ya juu kushoto na ilikuwa imetoweka kwenye kona ya juu kulia, na ilikuwa hivyo kwa kila droo. "Kabati limelala, droo hazina kosa," akasema. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa unaning'inia, kwa sababu sakafu ya saruji ilikuwa imeshuka karibu na ukuta. Alichonga kabari ya mti mgumu, akaigonga taratibu chini ya ule mguu huku mimi nikivuta droo, na droo zikaachia moja baada ya nyingine. Randa haikutoka mfukoni.

Tangu hapo naanza na miguu ya kabati kila mara. Nyumba za zamani zina sakafu zilizoshuka, zilizopasuka na kuzibwa, au zilizojengwa na mwinuko mdogo ili maji ya kuosha yatoke mlangoni. Kabati zito likikaa juu ya miguu mitatu hujipinda polepole hadi fremu yake, iliyokuwa mraba, inakuwa na kona mbili zilizobanwa na mbili zilizopanuka. Namna ya kupima ni rahisi: toa droo, pima kwa futi kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha kutoka ya juu kulia hadi ya chini kushoto. Vipimo viwili vikilingana, nafasi ya droo ni mraba. Visipolingana, sukuma kabari chini ya mguu mpaka vilingane, na kabari hiyo iwe ya mti mgumu, kwa sababu karatasi iliyokunjwa hudidimia baada ya muda na kukurudisha ulikoanzia. Pima vilevile kona za droo yenyewe, kwa kuwa droo iliyovutwa miaka mingi kwa mshikio mmoja huachia gundi kwenye maungio na kulegea upande.

Kuitoa droo iliyobana kunahitaji utulivu. Anza kwa kuondoa droo ya juu yake au ya chini yake, ikiwa zinatoka, ili upate njia ya kupitisha mkono na kupunguza vitu vilivyomo. Kisha shika pande zote mbili, karibu kabisa na kona, uvute sawasawa, kidogo kushoto, kidogo kulia, bila kuruka. Droo pana isiyoingia ndani sana ikivutwa kwa upande mmoja hujipachika mshazari na kubana zaidi kadiri unavyoongeza nguvu, na hapo ndipo vishikio hung'oka na uso kuachana na mbao za pembeni. Ikikataa kabisa, iache. Fungua madirisha ya chumba siku isiyo na mvua, hewa ipite, na ujaribu tena baada ya siku kadhaa. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili kukausha kabati haraka, na hilo naomba lisifanywe na mtu yeyote, kwa kuwa hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua watu, na joto la ghafla hupasua mbao. Jua kali la uani nalo hukausha upande mmoja kabla ya mwingine na kuupinda ubao. Droo iliyolowa unyevu ikaushwe kivulini, barazani, ikiwa imeegemezwa ili hewa iiguse pande zote.

Ikishatoka, isome. Upake chaki kwenye kingo za juu na za chini za mbao za pembeni, na ubavuni pia, kisha uirudishe ndani na kuitoa polepole. Mahali chaki ilipofutika ndipo inapogusa. Mara nyingi hutahitaji hata chaki, kwa sababu sehemu iliyosugua kwa miaka ina weusi unaong'aa ambao sehemu nyingine hazina.

Katika nyumba za zamani, alama hizo mara nyingi huonekana kwenye ukingo wa chini wa uso wa droo, na watu huzitafsiri vibaya. Wanadhani uso umekua, kumbe droo nzima imeshuka. Droo ya zamani hutembea juu ya vipande viwili vya mbao vilivyofungwa ndani ya kabati, ambavyo hapa nitaviita reli za mbao, na kila inapovutwa ukingo wa chini wa ubao wa pembeni unasugua reli hiyo. Baada ya miongo kadhaa ya kufunguliwa na kufungwa kila siku, na hasa ikiwa droo ilibeba vitu vizito, ukingo huo unalika na kuwa na mteremko, na reli nayo inachimbika mfereji mwembamba. Droo inashuka milimita chache, uso wake unaanza kukwaruza fremu ya chini yake, na sehemu ya nyuma inaning'inia. Ukiupiga randa uso huo, droo itateleza kwa muda, lakini itaendelea kushuka, na safari hii utakuwa umeharibu pia sehemu pekee ya kabati ambayo kila mgeni anaiona.

Tiba yake ni kurudisha mbao pale zilipolika. Kingo za chini za mbao za pembeni zinyooshwe kwa randa, kiasi tu cha kupata mstari ulionyooka, kisha kigundishwe juu yake kipande chembamba cha mti mgumu, nyuzi zake zikienda kufuata urefu wa ubao, na baada ya gundi kukauka kisawazishwe mpaka droo irudi kwenye kimo chake cha awali. Usitumie misumari mahali hapo, kwa sababu kichwa cha msumari kitajitokeza siku moja na kuchora mfereji mpya kwenye reli. Reli iliyochimbika ni rahisi zaidi: ikiwa imefungwa kwa skrubu, ifungue na uigeuze juu chini, upate uso mpya bila kununua chochote, ikiwa imegundishwa, jaza mfereji kwa ukanda wa mbao uliochongwa vizuri. Mabaki ya mninga hupatikana kwenye karakana za maseremala kwa bei ndogo, na kipande kisichofaa kitu kingine hutosha kabisa kwa kazi hii. Vumbi la mninga linawasha pua na kifua cha watu wengi, hivyo funga kitambaa usoni unapolipiga msasa.

Maungio yaliyolegea yafunguliwe kwa kugongwa taratibu kwa nyundo ya mbao, gundi ya zamani ikwanguliwe yote, na gundi mpya ipakwe, kwa kuwa gundi mpya juu ya gundi kuukuu iliyokufa haishiki mti. Kwa kubana wakati gundi inakauka, vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ambavyo mji huu hauwezi kuvikosa, vinavyozungushwa kwa nguvu kwenye droo nzima, vinafanya kazi ambayo wengine wanainunulia klampu. Kumbuka kupima tena kona kwa kona kabla gundi haijashika, kwa sababu mpira unaweza kuivuta droo ikakaa mshazari na kukauka hivyo.

Kitako cha droo nacho kiangaliwe. Plaiwudi iliyolemewa hubonyea katikati na kusugua fremu ya chini. Itoe, igeuze tumbo juu, au weka nyingine nene zaidi. Kitako cha mbao nzima ni jambo tofauti, kwa sababu kinatanuka masika kama mbao nyingine, na seremala aliyejua kazi yake alikiingiza kwenye mifereji na kukipigilia upande wa nyuma peke yake, ili kiwe na uhuru wa kutanuka na kusinyaa. Ukikuta mtu amekipigilia misumari pande zote, mara nyingi utakuta pia kimepasuka.

Inabaki droo ambayo kabati lake limesimama sawa, kingo zake hazijalika, maungio yake ni mazima, na bado inabana juu kila masika. Hiyo imekua kweli, na hiyo ndiyo inayostahili randa. Hata hivyo, mimi huiwekea alama masika na kuipiga randa kiangazi. Wakati imebana, mwezi wa Februari au Machi, napima kimo cha mbao za pembeni, mbele na nyuma, na kimo cha nafasi ya kabati kushoto na kulia, kisha naandika vipimo vyote kwa penseli chini ya kitako pamoja na mwezi. Agosti napima tena. Tofauti ya vipimo viwili inaonyesha ubao huo mahususi unacheza kiasi gani katika chumba hicho mahususi, jambo ambalo hakuna fundi anayeweza kulikisia kwa kutazama. Hapo napunguza ukingo wa juu, kidogo kidogo, mahali chaki iliponionyesha peke yake, nikianzia kwenye kona kuelekea katikati ili randa isipasue ncha za ubao. Ubao mkavu pia unakatika safi, wakati ule wenye unyevu huacha manyoya yanayorudi kusugua.

Baada ya hapo nta. Mkoa wa Tabora unaishi na nyuki. Katika misitu ya miombo ya Sikonge, Urambo na Uyui mizinga ya magogo na ya magome bado inaning'inia mitini, na nta inayobaki baada ya asali kukamuliwa, ikichemshwa na maji na kuchujwa kwa kitambaa, huganda juu kama bonge la manjano. Inanisikitisha kwamba mabonge hayo husafiri nchi za mbali kupakwa samani za watu wengine huku sisi tukipaka droo zetu mafuta ya kupikia. Mafuta hayo hukamata vumbi, huchacha, huita mende, na kuchafua nguo. Sabuni ya mche, ambayo wengi huipendekeza, hushika unyevu, na unyevu ndio tunaoukimbia. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za selsiasi, kwa hiyo joto la Oktoba chini ya bati haliisumbui. Wapo wanaopendelea mshumaa wa kawaida kwa kuwa unateleza zaidi siku ya kwanza, na hawakosei; nta ikipakwa nene hunata. Ipakwe kidogo, kwenye ukingo wa chini wa droo na juu ya reli, baada ya kusafisha uchafu wa zamani kwa msasa laini, kisha isuguliwe kwa kitambaa kikavu mpaka ing'ae. Vanishi isiguse sehemu zinazosuguana, kwa sababu hulainika kwa joto na kugandisha mbao mbili pamoja. Vanishi ni ya nje.

Ukikuta matundu madogo ya mviringo na unga laini ukimwagika droo inapogongwa, kazi nyingine zote zisubiri. Bungua bado yumo, na droo hiyo ikae nje ya nyumba, mbali na samani nyingine, mpaka itakapotiwa dawa na unga mpya usionekane tena. Matundu makavu ya zamani yasiyotoa unga hayana madhara zaidi ya sura yake.

Kama kazi hii unampa fundi, mwambie mapema kwamba unamlipa kwa kuangalia, na malipo ya kurekebisha mtayapanga baadaye. Mwombe akuonyeshe kwa chaki mahali droo inapogusa, na akuambie kama kabati limesimama sawa, kabla hajaondoa unyuzi mmoja wa mti ambao ulihitaji miongo mingi kukua porini. Fundi mzuri atakuonyesha kwa furaha. Akisema kwamba hawezi kujua mpaka apunguze kidogo kwanza, mshukuru, mpe nauli, na utafute mwingine.